Nyumba ya mawe Mji Mkongwe: plasta inabambuka hadi mita moja na ushei, boriti zimepinda. Inanunulika?

#1 Msakanyumba
Salaam wakuu. Kuna nyumba inauzwa Mji Mkongwe, Zanzibar, upande wa Malindi. Chini na ghorofa moja, na paa la bati lililowekwa baadaye juu ya dari bapa ya kale. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene sentimita 58 chini na 46 juu. Mlango wa nakshi upo mahali pake, baraza zote mbili zipo, ngazi ya mbao ipo, na ukumbini vidaka vya ukutani havijazibwa. Vyumba vinne bado vina dari za boriti, viwili vimemwagwa zege.

Mabaya yake: ukumbi na chumba cha mbele plasta ya saruji inabambuka kuanzia sakafuni hadi mita 1.2. Nyuma yake kuna unga mweupe, na jiwe lenyewe linapukutika ukiligusa. Chumba cha nyuma juu, boriti zimepinda sentimita 4 katikati. Muuzaji anasema ni unyevu wa kawaida wa nyumba za kale, nipige plasta mpya ya saruji yenye dawa ya kuzuia maji, yamekwisha.

Unyevu huu unatoka wapi? Boriti ni za kubadilisha? Na kipi kingine nikague kabla sijatoa arubuni?

#2 FundiChokaa
Hicho anachokupendekezea ndicho kilichoharibu ukuta.

Tumbawe linafyonza maji ya ardhini. Zamani maji hayo yalikuwa yanatokea hapohapo chini kupitia plasta ya chokaa, kwa kuwa ina vinyweleo. Ukuta ukivishwa saruji maji yanakosa pa kutokea, yanapanda hadi yapate upenyo. Yakikauka yanaacha chumvi, chumvi inaganda fuwele nyuma ya plasta na kuisukuma. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, kwa hiyo ikibanduka inaondoka na uso wa jiwe. Huo ndio unga na mapukutiko unayoyaona.

Tiba: bandua saruji yote hadi sentimita 50 juu ya mstari wa unyevu, ndani na nje. Acha ukuta uchi upumue, kiangazi chote kama unaweza. Safisha viungo kwa kina cha sentimita 2 hadi 3, vijaze chokaa na vipande vidogo vya tumbawe, kisha plasta ya chokaa.

#3 BintiShangani
Kabla hamjafika kwenye mwiko, aanze na karatasi. Nyumba za Mji Mkongwe zina wenyewe wa namna nyingi: za watu binafsi, za Serikali, za wakfu, na za urithi ambao haujagawiwa. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hata aliyemo awe anaishi humo tangu kuzaliwa. Nenda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana uhakikishe. Kama ni ya urithi, taka hati inayotaja warithi wote na saini ya kila mmoja. Ardhi yenyewe Zanzibar ni ya Serikali, wewe unapata haki ya kuitumia, kwa hiyo soma hati imeandikwa nini hasa.

La pili: Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mji upo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na huwezi kubadilisha dirisha, kuvunja baraza wala kuongeza ghorofa bila kibali chao. Uliza jengo limeorodheshwa daraja gani, na zile slabu mbili za zege kama zina kibali. Kama hazina, mzigo huo unaununua pamoja na nyumba.

#4 Kaskazi
FundiChokaa, maelezo yako ni ya kweli kwa baadhi ya kuta tu. Si kila unyevu wa chini unapanda kutoka ardhini.

Chumvi ya kawaida inaanza kunyonya maji kutoka hewani pale unyevu wa hewa unapofika takriban asilimia 75. Pwani yetu tunaupita huo siku nyingi za mwaka. Ukuta uliojengwa au kupigwa plasta kwa mchanga wa baharini usiooshwa unalowa wenyewe bila tone kutoka chini. Angalia plasta ya saruji ilipigwa kwa mchanga gani. Ukiona vipande vya kombe ndani yake, hapo ndipo pa kuanzia.

Msakanyumba, ukuta unalowa zaidi masika na kukauka kiangazi, au uko vilevile mwaka mzima?

#5 Msakanyumba
Shukrani. Kombe zipo, nimeona vipande vyeupe vidogo. Wapangaji wanasema masika huwa vibaya zaidi, ila kiangazi haukauki kabisa.

#6 FundiChokaa
"Haukauki kabisa" ndiyo jibu. Chumvi peke yake ingekauka kaskazi inapovuma na jua likiwa kali. Kuna maji yanayolishwa kutoka chini.

#7 Mwana_Amu
Na njia je? Kwetu Amu (Lamu) kuna nyumba ambazo zamani ulikuwa ukipanda kidato kuingia daka, kile kibaraza cha mlangoni, leo unashuka. Njia imepandishwa kila ilipotengenezwa, na sakafu ya ndani imebaki pale pale. Mvua ikinyesha, maji ya njia yanaegemea ukuta juu ya usawa wa sakafu, na hapo hata chokaa safi haitakuokoa.

Pima kwa mpira wa maji wa fundi: usawa wa njia nje na usawa wa sakafu ndani. Njia ikiwa juu hata sentimita 20, una ukuta uliozikwa. Dawa yake ni mtaro mwembamba wa changarawe kando ya ukuta, kina kishuke chini ya sakafu, lakini usichimbe hadi chini ya msingi. Misingi ya nyumba hizi huwa mifupi na mara nyingi ni ukuta uleule uliopanuka kidogo.

#8 BintiShangani
Mwana_Amu, mtaro wako ni mzuri kwenye karatasi. Njia ya Malindi ina upana wa kupita punda na mwenye punda, na chini yake kuna mabomba na nyaya. Hilo si la mwenye nyumba kuamua, ni kibali tena. Ila kupima usawa hakuna anayemzuia.

#9 Mhandisi_Kuta
Wakuu, sababu nne zinashindania ukuta mmoja: maji ya ardhini, chumvi ya mchanga, njia iliyopanda, na hii ambayo hakuna aliyeitaja, shimo la choo. Nyumba nyingi za zamani zina shimo ndani ya kiwanja cha nyumba, mara nyingi chini ya ngazi au kwenye pembe ya ua. Likipasuka linalisha ukuta masaa ishirini na nne, kiangazi na masika.

Zipo njia za kutofautisha bila kubahatisha.

Kwanza, usiamini kile kipimo cha umeme chenye sindano mbili. Chumvi inapitisha umeme, kwa hiyo kitakuambia ukuta umelowa hata kama umekauka.

Pili, toboa kwa keekee ya milimita 10, mwendo wa polepole ili joto lisikaushe unga. Tupa sentimita 3 za mwanzo, kusanya unga wa kina cha sentimita 5 hadi 15. Fanya hivyo kwa kimo cha sentimita 20, 60, 100, 150 na 200 kwenye mstari mmoja wa wima. Funga kila sampuli kwenye mfuko usiopitisha hewa. Pima gramu, kausha kwenye oveni nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena, pima tena. Unyevu ukiwa mkubwa chini kabisa na kupungua taratibu kwenda juu, ni maji ya ardhini au ya njia. Ukiwa mkubwa katikati pale kwenye unga mweupe na mdogo chini, fikiria chumvi. Ukiwa mkubwa upande mmoja wa chumba tu, tafuta bomba au shimo.

Tatu, loweka unga huo kwenye maji yaliyochemshwa yakawa mvuke na kupozwa yakawa maji tena, si ya bomba, uchovye vijikaratasi vya kupimia nitreti. Nitreti nyingi inaelekeza kwenye choo.

#10 Kaskazi
Hiyo ya nitreti ina kasoro. Udongo wa mji ulioishi watu na wanyama kwa karne mbili umejaa nitreti hata pasipo shimo lililopasuka. Utapata rangi nyekundu karibu kila ukuta wa Mji Mkongwe.

#11 Mhandisi_Kuta
Ndiyo maana unalinganisha. Chukua sampuli ya ukuta wa ndani ulio mbali na shimo, kimo kilekile. Tofauti ndiyo inayosema.

#12 MjiWaKale_Msa
Na kiyoyozi. Mji wa Kale Mombasa nyumba kadhaa zilizosingiziwa maji ya ardhini, chanzo kilikuwa bomba la kiyoyozi linalodondoka miguuni mwa ukuta mchana kutwa. Tizama na gata: bati likipachikwa juu ya paa bapa bila gata, maji yote yanashuka kando ya ukuta, yanarukia chini na kulowesha mita ya kwanza. Ukiona ukuta wa nje una doa la kijani la mwani kwa kimo cha goti, huo ni mruko wa maji ya mvua.

Hayo mawili ndiyo rahisi kuliko yote kutengeneza. Yaanze hayo kabla ya kubandua chochote.

#13 Msakanyumba
Gata hakuna upande wa njia. Kiyoyozi kipo kimoja, ghorofani, bomba lake linaishia juu ya baraza ya kulia.

Nauliza la chokaa: madukani naona mifuko ya aina mbili, mmoja ni wa bei ya chini mno. Nichukue upi?

#14 FundiChokaa
Ule wa bei ya chini huenda ni chokaa ya kilimo. Hiyo ni jiwe lililosagwa, halikuchomwa. Haigandi hata ukiisubiri mwaka, inabaki vumbi.

Chokaa ya kujengea ni ile iliyochomwa. Tumbawe likifika karibu nyuzi 900 linatoa hewa ya kaboni na kubaki chokaa hai. Ukiizima kwa maji inachemka na kuwa chokaa laini. Ukutani inavuta tena hewa ya kaboni na kurudi kuwa jiwe. Ndiyo maana chokaa iliyokaa mfuko wazi ghalani imeshaanza kurudi jiwe kabla hujaitumia. Jaribio: weka kijiko cha unga kwenye kikombe, mwagia siki. Ikitoa povu jingi, ama ni ya kilimo ama imeharibika. Nzuri inatoa povu kidogo sana.

Bora zaidi ni uji mzito wa chokaa uliozimwa na kukaa chini ya maji miezi mitatu au zaidi. Wakati wa kuzima: chokaa inatiwa kwenye maji, si maji kwenye chokaa. Inaruka na kuunguza. Miwani na glavu si hiari, tone moja jichoni linaweza kumpofusha mtu.

Kipimo cha plasta: uji wa chokaa 1, mchanga 3. Mchanga wa shamba wenye chembe kubwa na ndogo pamoja, uliooshwa. Mchanga laini mtupu unapasuka nyufa.

Kiasi: tuseme kuta zako za chini ni mita 12 kwa kimo cha mita 1.7, yaani mita za mraba kama 20. Unene wa jumla milimita 25, na ongeza robo kwa sababu ukuta wa matumbawe una mashimo. Inakuja mita za ujazo 0.63. Uji unaingia katika nafasi za mchanga, kwa hiyo mchanga wenyewe ni kama 0.63, uji ni lita 210. Kwa ndoo za lita 20, mchanga ndoo 32, uji ndoo 11.

#15 FundiChokaa
Naendelea, maana hapa ndipo mafundi wa saruji wanapoharibu. Ukuta uloweshwe tangu jana yake, na tena asubuhi. Mkono wa kwanza wa plasta urushwe kwa mwiko, usipakwe, milimita 10 hivi, ukwaruzwe mistari. Subiri siku saba hadi kumi. Mkono wa pili milimita 10. Siku hizohizo tena. Wa mwisho milimita 5, mchanga wake uchekechwe. Muda wote funika kwa magunia mabichi, nyunyizia mara mbili au tatu kwa siku, zuia jua na upepo. Chokaa ikikauka kabla haijavuta hewa ya kaboni inabaki unga. Fundi akikuambia anamaliza mikono mitatu kwa siku tatu, huyo hajui chokaa.

Nyufa ndogo zikitokea siku ya pili, zisugue na mwiko wa mbao plasta ikiwa bado changa. Zinafunga.

#16 MjiWaKale_Msa
Ukitaka iwe imara zaidi kwenye mita ya kwanza, tia unga wa matofali ya kuchoma yaliyosagwa, sehemu moja ya unga kwa sehemu moja ya chokaa, na punguza mchanga kiasi hicho. Inaganda hata penye unyevu na bado inapumua.

#17 Kaskazi
Kwa ukuta wenye chumvi nyingi kama huu, mimi nasema kinyume: plasta ya kwanza iwe dhaifu makusudi, 1 kwa 4, iachwe miezi sita ivute chumvi, kisha ibanduliwe na kutupwa mbali. Usiirudishe kwenye kifusi cha sakafu. Ndipo ipigwe ya kudumu. Ukipiga iliyo imara mwanzoni, chumvi inarudi jiweni.

#18 FundiChokaa
Gharama ya plasta mara mbili si kila mtu anaiweza, Kaskazi. Kusugua ukuta mkavu kwa brashi kavu kila unga unapotoka, wiki kadhaa, kunatoa chumvi nyingi vilevile. Brashi kavu, nasisitiza. Ukiuosha kwa maji unairudisha ndani.

#19 Mwana_Amu
Na mafundi wanaotia chumvi ya jikoni kwenye chokaa ya kupaka mnawaambiaje? Hilo liko pwani nzima.

#20 FundiChokaa
Chumvi inashika maji, chokaa haikauki haraka, kwa hiyo rangi inashika vizuri na haitoki ukigusa. Kazi inafanya kweli. Lakini kwenye ukuta unaoumwa chumvi ni kuongeza mzigo. Chokaa nyembamba kama maziwa, mikono mitano au sita, ukuta ukiwa na ubichi, inashika bila chumvi. Rangi za plastiki za ndoo zisiguse ukuta huu.

#21 Seremala_Nakshi
Mmemwacha na boriti zake. Msakanyumba, sentimita 4 kwa chumba cha upana gani?

#22 Msakanyumba
Upana mita 2.8, urefu mita 6. Boriti zimelala kwa upande wa mita 2.8.

#23 Seremala_Nakshi
Kupinda peke yake hakunitishi. Boriti za mkoko zilipangwa mbichi, zikabebeshwa mawe na chokaa iliyolowa, zikapinda mapema kisha zikakauka na mkunjo wao. Swali ni kama zinaendelea kushuka. Tazama sakafu ya juu: ufa mpya wenye kingo kali pembeni ya ukuta ni ishara mbaya. Ufa uliojaa vumbi na rangi ya zamani ni wa zamani.

Boriti inaoza kwenye kichwa, pale inapoingia ukutani, kwa kuwa ukuta unailisha unyevu na hewa haipiti. Katikati inaweza kulia kama chuma huku kichwa ni unga. Gonga kwa nyundo sentimita 10 kutoka ukutani, si katikati. Kisha toboa kwa keekee ya milimita 6, kwa mshazari kuelekea ndani ya ukuta. Vipande vya mti vikitoka vyekundu na vigumu, sawa. Ukitoka unga wa kahawia au keekee ikazama ghafla, kichwa kimekwenda. Angalia na vichuguu vya mchwa kwenye viungo vya mawe, na vitobo vya bungua.

Kubadilisha: chumba kizima cha urefu wa mita 6, boriti kila sentimita 35 katikati hadi katikati, ni boriti 18. Kila moja mita 3.3, yaani upana na sentimita 25 za kulalia kila upande. Agiza 20 maana mbili zitakuwa zimepinda. Kipenyo sentimita 11 hadi 14. Egemeza dari kwa mihimili miwili ya muda yenye nguzo za jeki, halafu badilisha moja baada ya nyingine, usitoe mbili zilizopakana kwa pamoja. Kichwa kipakwe boraksi na asidi ya boriki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, mara tatu. Usikifunge nailoni wala kukipiga saruji. Acha upenyo wa sentimita 1 au 2 kukizunguka, chini kiwe juu ya jiwe bapa.

Na boriti iwe na karatasi. Mikoko ni hifadhi, mzigo usio na kibali unakamatwa njiani, na hasara ni yako uliyelipia.

#24 BintiShangani
Vyumba vyote vya kale ni vyembamba kwa sababu hiyo hiyo, boriti haivuki mita 3 kwa usalama. Mtu akikuambia atabomoa ukuta wa kati "kufungua nafasi", ujue anaondoa kinachobeba vichwa vya boriti za pande zote mbili.

#25 MjiWaKale_Msa
Nyie mnamhangaisha na mikoko. Vile vyumba viwili vya zege vimesimama. Tatizo la zege ni uzito tu, na hilo linahesabika.

#26 Mhandisi_Kuta
Lihesabu basi. Slabu ya sentimita 12 ni kilo 290 kwa mita ya mraba. Dari ya boriti yenye mawe na chokaa, unene wa sentimita 30, kwa kilo 1,600 za mita ya ujazo, ni kilo 480. Ya kale ndiyo nzito.

Ubaya wa zege hauko kwenye uzito. Kwanza, ili kuikalisha wanachonga mfereji ukutani kuzunguka chumba chote. Ukuta wa matumbawe una nyuso mbili za mawe na kifusi cha chokaa katikati, ukikata uso mmoja umepunguza nusu ya kinachobeba. Pili, boriti zilikuwa zinafunga kuta mbili zinazotazamana, sasa slabu inacheza na joto na kuta zinasukumwa. Tatu, nondo ndani ya zege la mchanga wa chumvi zinashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma na kulipasua zege kutoka ndani. Msakanyumba, tazama chini ya slabu hizo: michirizi ya kahawia iliyonyooka sambamba ni nondo zinazooza.

#27 MjiWaKale_Msa
Uzito wa dari umeurekebisha sawa. Lakini mfereji unaepukika, slabu inaweza kukaliwa kwenye mashimo ya boriti yaleyale, moja moja, na kufungwa kwa chuma kisichoshika kutu. Imefanyika.

#28 Kaskazi
Inafanyika pale mwenye nyumba anaposimama juu ya fundi. Chuma na tumbawe ni ndoa ngumu. Beit al-Ajaib, lile jumba la sultani hapo Mji Mkongwe, ilijengwa 1883, ina nguzo za chuma na mawe ya matumbawe. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja pamoja na mnara uliporomoka ikiwa katika matengenezo, watu wawili wakafa.

#29 Mhandisi_Kuta
Usiitumie kama ushahidi wa jambo moja. Mvua, uzito, matengenezo yenyewe, chuma, kila mmoja ana lake la kusema juu ya jengo lile. Linalofaa hapa ni dogo: usifungue ukuta wa matumbawe uliobeba mzigo kabla hujauegemeza.

Na tangi, Msakanyumba. Juu ya dari kuna tangi la maji?

#30 Msakanyumba
Lipo la lita 2,000, juu ya chumba hichohicho cha nyuma.

#31 Seremala_Nakshi
Hapo pana jibu lingine la sentimita 4.

#32 Mhandisi_Kuta
Likijaa ni tani 2 kwenye kitako cha mita 1.3, yaani kilo 1,500 kwa kila mita ya mraba. Watu na samani chumbani ni kama 200. Lishushwe chini uani na pampu iwekwe, au likae juu ya mihimili inayotoka ukuta hadi ukuta, siyo juu ya boriti. Hili lisisubiri ununuzi, waambie waliomo.

#33 Mwana_Amu
Tusisahau vile vidaka. Kwetu zidaka huwa na plasta ya nakshi iliyochongwa ikiwa bado mbichi. Hata vyake vikiwa vya kawaida, gonga kwa kifundo cha kidole kabla mafundi hawajaanza kupiga tindo upande wa pili wa ukuta. Plasta inayolia tupu ishikizwe kwanza kwa uji mwembamba wa chokaa uliochujwa, unaoingizwa kwa bomba la sindano kutoka chini kwenda juu.

#34 BintiShangani
Mwana_Amu, kila uzi Amu haikosi kidaka chake. Lakini hili ni kweli tupu.

Seremala, mtazamie na mlango. Ndio utakaoibiwa wa kwanza nyumba ikikaa tupu wakati wa matengenezo.

#35 Seremala_Nakshi
Mlango: kwanza hakikisha ni wa nyumba hiyo. Tazama miimo inavyoingia kwenye kizingiti, ulimi na tundu vilingane, na rangi ya mti iwe moja nyuma na mbele. Mlango uliohamishwa huwa na vipande vya kujazia pembeni na plasta mpya kuzunguka fremu. Milango ya kale mingi haina bawaba, mbawa zinazunguka kwa ncha za juu na chini zinazoingia kwenye matundu. Ukitaka kuushusha, usiung'oe kwa nguvu, inua ubawa hadi ncha ya chini itoke. Ncha ya chini ndiyo inayooza kwa maji ya kuoshea sakafu. Inaungwa kwa kipande cha mti uleule, msaji kwa msaji, mfenesi kwa mfenesi.

Usiguse nakshi kwa msasa wa mashine wala magadi makali. Rangi ya zamani itolewe kwa dawa ya kubandulia, brashi laini na vijiti vya mianzi. Ukikauka, mafuta ya kitani yaliyopunguzwa na tapentaini, mara mbili au tatu, yapanguswe yasigande. Misumari ya shaba isuguliwe imefunikwa karatasi pembeni, dawa yake inaacha doa jeupe kwenye mti.

Wakati wa ujenzi ushushe mbawa, uzifungie chumba kikavu, weka mlango wa mbao za kazi.

#36 Msakanyumba
Nimepata ruhusa ya kutoboa ukumbini, ukuta wa upande wa njia. Unyevu kwa uzito: sentimita 20 asilimia 8, sentimita 60 asilimia 9, sentimita 100 asilimia 11, sentimita 150 asilimia 4, sentimita 200 asilimia 2. Njia iko juu ya sakafu kwa sentimita 14. Nitreti ipo, ukuta wa nyuma pia ipo, kidogo pungufu.

#37 Kaskazi
Kilele kiko mita moja, kwenye unga. Chumvi.

#38 FundiChokaa
Asilimia 8 kwenye sentimita 20 si ukuta mkavu. Chumvi imekaa pale kwa sababu maji ya chini yaliifikisha pale.

#39 Mwana_Amu
Sentimita 14 za njia je? Na kombe za mchanga zimo kwenye unga ule ule alioutoboa?

#40 Mhandisi_Kuta
Ametupa sentimita 3 za mwanzo, plasta haimo. Ila mstari mmoja hautoshi. Msakanyumba, rudia kwenye ukuta wa chumba cha mbele, na mwingine mmoja wa ndani usioguswa na njia wala mvua. Gawa kila sampuli mara mbili: nusu kausha kama ulivyofanya, nusu nyingine ikishakauka nayo iweke siku chache kwenye chombo kilichofungwa chenye sahani ya maji ya chumvi iliyojaa kabisa hadi chumvi inabaki chini. Humo hewa inasimama kwenye asilimia 75. Uzito utakaoongezeka ni ule ambao chumvi inauvuta hewani. Uutoe kwenye unyevu wa ile nusu ya kwanza, kinachobaki ni maji yaliyotoka mahali pengine, si hewani.

#41 MjiWaKale_Msa
Na kabla ya hayo yote aombe wafunge gata na wasogeze bomba la kiyoyozi, apime tena baada ya masika. Muuzaji akikataa gata, bei ishuke.

#42 Msakanyumba
Muuzaji amekubali gata na kushusha tangi. Kiyoyozi ni cha mpangaji, nazungumza naye. Arubuni sijatoa, hati ya warithi ina saini moja pungufu. BintiShangani, mrithi aliye nje ya nchi anasaini wapi?

#43 BintiShangani
Atoe uwakala wa maandishi uliothibitishwa kwenye ubalozi wa Tanzania huko aliko, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye hati ya mirathi, herufi kwa herufi. Asiposaini, usitoe hata shilingi.